Kanisa la Holy Family, Nairobi: ni la wakoloni au ni la Mtaguso?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni mwanakwaya, na kamati yetu imeniachia kazi ya kuandika kijitabu kifupi kuhusu historia ya kanisa la Holy Family hapa Nairobi. Nimekwama kabla hata ya ukurasa wa kwanza. Mzee mmoja wa kamati anasema tuandike kwamba ni kanisa la wakoloni, lililojengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwenzake anasema hapana, ni tunda la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ndiyo maana ni la kisasa na halifanani na makanisa ya mawe. Nani kati yao ana haki? Na jina lenyewe tuliandikeje: parokia, kathedrali au basilika?

Jibu: Milele na milele, amina.

Wazee wako wote wawili wameshika kipande cha ukweli, na wote wawili wamekosea tarehe. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilikuwa upande wa yule wa pili. Nilimwona mama huyu mrefu wa zege akisimama kando ya City Hall, nikamweka moja kwa moja katika kapu la "makanisa ya baada ya Mtaguso", kwa sababu tu hakuwa na matao ya mawe. Siku nilipoketi nikapanga miaka kwenye karatasi ndipo nilipoona nimeyasoma mavazi, sikuisoma mifupa.

Basi tupange miaka hiyo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1960, na kanisa likakamilika mwaka 1963. Sasa weka kando yake kalenda mbili. Ya kwanza ni ya Kenya: hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliondolewa rasmi Januari 1960, mkutano wa kwanza wa Lancaster House, wa kujadili katiba ya Kenya, ukaanza London mwezi huo huo, Madaraka yakaja tarehe 1 Juni 1963 na Uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Ya pili ni ya Roma: Papa Yohane wa XXIII alifungua Mtaguso tarehe 11 Oktoba 1962, na hati ya kwanza kutoka humo, ile Konstitusio juu ya Liturujia iliyogeuza namna tunavyosali Misa, ilitangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Hesabu mwenyewe. Kati ya hati hiyo na bendera kupandishwa kuna siku nane.

Kwa hiyo michoro ya Holy Family ilikuwa tayari na zege linamwagwa wakati Mtaguso haujafunguliwa, na Kenya bado ni koloni. Lakini kanisa lilipokamilika, ulimwengu wote lililochorewa ulikuwa unafungasha virago: serikali ile na Misa ile pia. Ukinilazimisha niseme jambo moja tu kuhusu kanisa hili, ni hilo. Lilichorwa kwa ajili ya mji mmoja na ibada moja, likaanza kutumika katika mji mwingine na ibada nyingine, na halikuwa na nafasi ya kuzeeka katikati.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kijitabu chako hakiwezi kuanzia 1960.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, pahali palipokuwa tope na maji baridi. Mwaka huo huo Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao ya St. Austin's, nje kidogo ya kambi ya reli, upande wa Msongari. Hawa ndio waliokuwa wameanzia Zanzibar na Bagamoyo miaka ya 1860, na ndio wanaokumbukwa pia kwa kupanda kahawa pale misheni. Mji ulipoanza kukua, waamini wa mjini, hasa Wagoa, yaani watu wa asili ya Goa kule India, waliofanya kazi za ukarani na za reli pamoja na Wazungu Wakatoliki, walihitaji kanisa karibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kukajengwa kanisa la mawe katikati ya mji, na jina lake lilikuwa tayari Familia Takatifu. Kanisa la zege unaloimba ndani yake leo limechukua nafasi ya hilo. Tafadhali liandike hilo kwenye kijitabu. Watu wengi hudhani Holy Family ilizaliwa na zege.

Mzee wako wa kwanza ana haki hapa. Nairobi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi, na makanisa yalifuata mgawanyo huo bila kuandikwa mlangoni. Waafrika waliwekewa kanisa lao, St. Peter Claver's, kule Racecourse Road. (Jina hilo nalo lina maneno yake: Petro Klaveri ni yule Mjesuiti aliyewahudumia Waafrika walioshushwa kama watumwa bandarini Cartagena. Aliyelichagua alikuwa na huruma, lakini sina hakika kama alijiuliza wenyewe wangejisikiaje.) Wagoa wa Parklands wakasali kwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule ambaye mwili wake uko Goa. Holy Family ya katikati ya mji haikuwa kanisa la mtu wa Pumwani au Kaloleni, mitaa ya Waafrika. Kusema hivyo si kulitukana kanisa, ni kueleza ramani ya mji jinsi ilivyokuwa.

Lakini kilichosababisha kanisa jipya lijengwe hakikuwa idadi ya Wazungu. Ni cheo. Nairobi ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1950. Tarehe 25 Machi 1953 Roma iliunda majimbo kamili nchini Kenya, na Nairobi ikawa jimbo kuu, ikiwa na Kisumu, Nyeri na Meru chini yake. Askofu Mkuu wa kwanza akawa John Joseph McCarthy, Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu. Jimbo kuu linahitaji kathedrali, na lile kanisa dogo la mawe la enzi za reli halikutosha tena, wala kwa ukubwa wala kwa heshima ya jiji lenye City Hall na Bunge hatua chache kutoka mlangoni.

Kazi ya kuchora akapewa Dorothy Hughes. Hapa nakuomba usipite haraka, maana kijitabu kingi cha parokia huandika "lilijengwa na wamisionari" kikaishia hapo. Hughes alizaliwa London mwaka 1910, akaja Kenya angali mtoto, na alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuwa na ofisi yake mwenyewe ya usanifu wa majengo. Alikaa pia katika Baraza la Kutunga Sheria, na alifanya kazi kubwa kwa ajili ya ustawi wa jamii na watu wenye ulemavu. Kathedrali kuu ya Wakatoliki wa Kenya ilichorwa na mwanamke, wakati ambapo mwanamke hakuruhusiwa hata kusoma somo la Misa akiwa ndani ya eneo la altare. Wanakwaya wako wa kike watapenda kulijua hilo.

Kwa nini zege? Swali lako hukuliuliza hivyo, lakini ndilo lililo chini ya maneno ya mzee wa pili, anayeona zege akasoma Mtaguso. Zege liliingia kanisani zaidi ya miaka 40 kabla ya Mtaguso. Huko Le Raincy, karibu na Paris, Auguste Perret na nduguye Gustave walijenga kanisa la Notre-Dame lililokamilika mwaka 1923, kumbukumbu ya waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Parokia haikuwa na fedha za mawe yaliyochongwa. Perret akawapa zege tupu, halikupakwa chokaa wala kufunikwa, lenye nguzo za mita 11 ambazo unene wake chini ni sentimita 43 tu, na kuta zilizo karibu zote vioo vya rangi. Wasanifu wa makanisa walikwenda kuliangalia, na baadhi yao wakaliiga.

Siri iko kwenye chuma. Dari la mawe lenye matao husukuma kuta kwa nje, na ndiyo maana makanisa makuu ya mawe ya Ulaya yana nguzo za kuegemeza ukuta pande zote, kama mzee aliyezungukwa na wajukuu wamshike asianguke. Jiwe hubeba uzito vizuri ukiligandamiza, lakini ukilivuta hupasuka. Zege lenye nondo ndani yake huvumilia vyote viwili. Basi msanifu anaweza kupanda juu sana, kwa nguzo nyembamba, bila wajukuu wale. Urefu ambao Wagothiki, wale wajenzi wa makanisa marefu ya Ulaya ya karne za kati, waliutafuta kwa karne kadhaa kwa mawe, zege lilitoa kwa bei ya parokia. Ukisimama mlangoni pa Holy Family ukatazama mbele, utaona hamu ile ile ya kwenda juu: mistari mirefu iliyosimama wima, mwanga unaoingia kwa rangi kutoka pembeni, jicho linavutwa mbele kisha juu. Ni hamu ya Kigothiki iliyovaa nguo za kisasa. Linganisha na St. Joseph's ya Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902 na matao yake yaliyochongoka, utaona ni ndugu wawili waliosoma shule tofauti.

Kulikuwa na sababu ya kawaida kabisa pia. Kufikia miaka ya 1950 saruji ilikuwa inatengenezwa hapa hapa Kenya: kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kile cha Athi River mwaka 1958. Tazama majengo ya Nairobi ya miaka hiyo na iliyofuata, hadi KICC, lile jumba refu la mikutano lililokamilika 1973. Jiji zima lilikuwa linamwaga zege. Kanisa lilizungumza lugha ya majirani zake.

Sasa mifupa. Ingia siku ambayo hakuna watu wengi, usimame katikati ya njia kuu. Kanisa ni refu na limenyooka. Viti vyote vinatazama upande mmoja, kuelekea altare iliyo mwisho kabisa. Hilo ndilo umbo la ibada ya kabla ya Mtaguso, ambapo padre na waamini walitazama upande mmoja, Misa ikasaliwa kwa Kilatini, na kwaya ikakaa mbali. Msanifu aliyepewa kazi baada ya 1964 angeambiwa jambo tofauti. Angalia Liverpool, ambako kathedrali ya Kikatoliki iliyofunguliwa 1967, ingawa nayo ilichorwa kabla Mtaguso haujafunguliwa, tayari ni duara, altare iko katikati na watu wameizunguka. Huhitaji hati yoyote kujua lipi kati ya haya mawili lilifuata ibada ya zamani. Sakafu inakuambia.

Ila nisimdhulumu mzee wa pili. Mtaguso haukuangukia Kanisa kama mvua ya ghafla. Miongo kadhaa kabla yake kulikuwa na vuguvugu, hasa Ujerumani, Ubelgiji na Ufaransa, la kutaka waamini waione altare, waisikie Misa na kuitikia wenyewe. Makanisa mengi ya miaka ya 1930 hadi 1950 yaliacha nguzo nene na vizuizi vilivyoficha altare, yakataka ukumbi mmoja ulio wazi. Uwazi huo umo Holy Family. Kwa hiyo ukitaka kuwa mwadilifu, andika kwamba kanisa lilichorwa kabla ya Mtaguso, na msanifu aliyekuwa tayari amepata harufu yake.

Halafu mabadiliko yakaja. Agizo la Roma la Septemba 1964, lililoanza kutumika tarehe 7 Machi 1965, lilisema ni vyema altare kuu itengwe na ukuta ili iweze kuzungukwa, na padre aweze kuadhimisha Misa akiwaelekea watu. Misale mpya ya Papa Paulo wa VI, yaani kitabu cha sala za Misa, ikaanza kutumika mwisho wa Novemba 1969. Kilatini kikasogea pembeni, Kiswahili na Kiingereza vikakaa katikati, kisha kayamba na ngoma vikaingia mahali ambapo wabunifu wake walitarajia kinanda tu. Hili ni jambo ambalo mwanakwaya ataliandika vizuri kuliko mimi, maana zege lina mwangwi wake. Noti ndefu ya Kilatini huelea humo kama moshi wa ubani. Ngoma hurudi mara mbili kabla hujaipiga ya pili. Waulize walimu wa kwaya wa zamani walijifunzaje kuimba humo. Hiyo ni historia, nayo haimo kwenye kitabu chochote cha wasanifu.

Watu nao wakabadilika. Mwaka 1969 Maurice Otunga akaja kuwa msaidizi wa Askofu Mkuu mwenye haki ya kumrithi, na mwaka 1971 akamrithi McCarthy. Mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza Mkenya. Lakini kama unatafuta siku ambayo kanisa hili liliacha kuwa la wachache, mimi ningetaja Julai 1969, ingawa ni siku chungu. Tom Mboya, Mkatoliki, aliuawa tarehe 5 Julai katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Misa yake ya wafu ilifanyika Holy Family tarehe 8. Umati ulijaa nje hadi barabarani, Rais Kenyatta alipofika akapokelewa kwa ghadhabu na mawe, polisi wakarusha mabomu ya machozi. Miaka sita tu baada ya kukamilika, jengo lililochorewa mji mtulivu wa wakubwa lilikuwa mahali ambapo nchi nzima ilileta kilio chake. Najua kamati yako itataka kuliruka tukio hili ili kijitabu kisiwe cha siasa. Msiliruke. Mistari mitatu yatosha.

Kuhusu majina: parokia, kathedrali, basilika. Yote matatu ni sahihi kwa pamoja, kwa sababu hayajibu swali moja.

Kathedrali haitokani na ukubwa. Inatokana na *cathedra*, yaani kiti cha kufundishia cha askofu. Kanisa dogo la matope lenye kiti hicho ni kathedrali, na kanisa la kuingiza watu elfu kumi lisilo nacho si kathedrali. Holy Family ni kathedrali kwa sababu hapo ndipo kiti cha Askofu Mkuu wa Nairobi kilipo.

Basilika ni heshima inayotolewa na Papa. Basilika kubwa ni nne tu, zote za Roma. Nyingine zote duniani huitwa basilika ndogo, hata zikiwa kubwa kiasi gani, na ndiyo maana kwa Kiingereza husomeka "Minor Basilica", jambo linalowafanya watu wengine wadhani tumeshushwa cheo. Holy Family ilipewa heshima hiyo mwaka 1982 na Papa Yohane Paulo wa II, ambaye alikuwa ameitembelea Nairobi mara ya kwanza Mei 1980, na ambaye angerudi 1985 kwa Kongamano la Kimataifa la Ekaristi, la kwanza kufanyika kusini mwa Sahara. Heshima hiyo huja na alama zake, kama ule mwavuli wa hariri nyekundu na njano usiofunguka wote na ile kengele ndogo ya maandamano, na huja na wajibu: kuadhimisha kwa uzito sikukuu zinazounganisha kanisa na Papa, kama ile ya Kiti cha Mtume Petro tarehe 22 Februari na ile ya Petro na Paulo tarehe 29 Juni.

Parokia ndiyo iliyo ngumu kueleza, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Parokia kwa kawaida ni eneo lenye mipaka na watu wanaoishi humo. Katikati ya jiji haishi karibu mtu. Kuna ofisi, mahakama, benki na maduka. Waamini wa Holy Family wa siku za kazi ni karani aliyetoka mezani saa saba mchana kuwahi Misa fupi, wakili aliyepita kuungama, mama aliyeshuka kwenye matatu akaona heri apige magoti kidogo kabla ya kupanga foleni hospitalini. Jumapili wanatoka mitaa ya mbali wakipita makanisa matatu njiani. Wakati maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika mikutano ya umoja wao, AMECEA, ya 1973 na 1976 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, parokia ya aina hii ilibaki na fumbo: jumuiya ya majirani unaiundaje pasipo na majirani? Kwaya, vyama vya kitume na vikundi vya wafanyakazi vilijaza pengo hilo kwa sehemu kubwa. Kwa maneno mengine, kwenu ninyi kwaya ndiyo mtaa. Hiki ningekifanya kiwe sura nzima.

Kwenye jalada andikeni "Kathedrali Basilika ya Familia Takatifu, Nairobi", kwa kuwa ndiyo heshima yake kamili. Ndani, mnapozungumzia ubatizo, kwaya na paroko, semeni parokia.

Neno la kazi kabla hujaanza kuandika. Mwombe paroko ruhusa ya kuona daftari la ubatizo na la ndoa la miaka ya 1955 hadi 1975. Usichapishe jina la mtu yeyote, angalia tu mwendo wa majina: ya Kiingereza, ya Kigoa, kisha ya Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kiluhya, yanavyoingia na mwaka yanapozidi. Mzee wa kwanza na mzee wa pili wakae pamoja mbele ya daftari hilo. Pia mtafute mtu aliyeshiriki Misa humo kabla ya 1965 akusimulie padre alisimama wapi. Wamebaki wachache, kwa hiyo anza na hao wiki hii, daftari halina haraka.

Na kama nafasi ya picha ni moja tu, usipige mnara kutoka barabarani, kila mtu anayo hiyo. Panda kwenye nafasi ya kwaya asubuhi jua linapoingia kwenye vioo, upige kuelekea altare, uache viti vionekane vyote vikitazama upande mmoja.